Ramani ya Masimulizi: Njia ya Kupanga Programu za Kompyuta

Kazi ya kuunda programu ya kompyuta haianzii kwenye kompyuta. Huanzia kwa watu wenye kazi yao, ambao hapana budi waulizwe wanafanya nini, kwa mpangilio gani na kwa sababu gani. Majibu yao ndiyo yanayoitwa mahitaji ya programu. Mahitaji yakikosewa, hata fundi hodari ataunda kitu kisichofaa. Na kosa la namna hiyo aghalabu halionekani mpaka programu imekwisha kutumika na hesabu zake zimekwisha kuaminiwa.

Makala haya yanaeleza njia moja ya kukusanya mahitaji na kuyagawa katika matoleo, yaani sehemu za programu zinazotolewa kwa watumiaji moja baada ya nyingine. Njia hiyo huitwa ramani ya masimulizi. Ili maelezo yasibaki hewani, yataambatana na kazi moja ya kweli iliyofanywa nchini Tanzania: daftari la kaya la bonde la Kilombero.

Daftari la kaya la Ifakara

Mji wa Ifakara umo katika bonde la mto Kilombero, mkoani Morogoro, kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na milima ya Mahenge upande wa kusini-mashariki. Mvua ni nyingi, mpunga hustawi, na mbu waenezao malaria nao hustawi. Utafiti wa magonjwa ulianza hapo mwaka 1949 kwa ziara za Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi. Mwaka 1957 ikaanzishwa maabara, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa taasisi ambayo tangu mwaka 2008 huitwa Taasisi ya Afya Ifakara.

Katikati ya miaka ya 1990 ulianzishwa mradi wa kuuza vyandarua na dawa ya kuvitia, kwa jina la Zuia Mbu, katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa mipaka ya wakati huo. Majaribio yaliyofanywa mahali pengine Afrika yalikuwa yamekwisha kuonyesha kwamba vyandarua vyenye dawa huokoa watoto pale watafiti wanapovigawa na kuvisimamia wenyewe. Swali la Ifakara lilikuwa gumu zaidi: je, vitaokoa watoto pale ambapo mzazi ananunua chandarua dukani kwa fedha zake na kukitumia apendavyo?

Swali hilo halijibiwi kwa kuhesabu vifo vya hospitalini peke yake, kwa maana watoto wengi walifia nyumbani. Tena, kujua idadi ya waliokufa hakutoshi. Hapana budi kujua pia idadi ya walio hai, na kila mmoja ameishi katika eneo hilo kwa muda gani. Kwa hiyo mwaka 1996 kaya zote za vijiji 25 ziliandikishwa. Baada ya hapo wahojaji walizitembelea kwa mzunguko wa kila miezi minne, wakiandika mimba, waliozaliwa, waliokufa, waliohamia na waliohama. Mjini Ifakara kazi kama hiyo ilianza mwaka 2007. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2015 ilieleza kwamba daftari lilikuwa na watu wapatao 125,000 vijijini na 45,000 mjini, na kwamba wakati huo kaya zilitembelewa mara mbili kwa mwaka.

Jibu la swali la vyandarua lilichapishwa mwaka 2001 katika jarida la tiba la The Lancet. Vyandarua vyenye dawa viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kuendelea kuishi kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Kwa jinsi gani jibu la namna hiyo hutegemea mpango wa programu, itaonekana hapa chini.

Orodha ndefu na kasoro yake

Mtu aliyetakiwa kuunda programu ya daftari kama hilo angeweza kuanza kwa kuandika orodha. Programu iandikishe kaya. Iandikishe mtu. Ipokee kizazi. Ipokee kifo. Ikague tarehe. Ichapishe daftari la mhojaji. Itoe hesabu za mwaka. Orodha hiyo ingefika mahitaji mia moja au mia mbili bila shida, na kila moja lingekuwa la kweli.

Kasoro ya orodha ni kwamba haina mwendo. Haionyeshi nini hutangulia na nini hufuata, wala nani anafanya nini. Kwa sababu hiyo haionyeshi pengo. Msomaji wa orodha huyapima mahitaji yaliyoandikwa. Yale yaliyosahauliwa hayana mahali pa kumwita. Kasoro ya pili hujitokeza wakati wa kugawa kazi. Kwa kuwa mambo yote hayawezi kufanywa kwa mara moja, watu huchukua kumi ya juu, kisha kumi yanayofuata. Lakini kumi ya juu yaweza kuwa vipande visivyoshikana, mithili ya mtu aliyenunua magurudumu mawili bora ya baiskeli pasipo mnyororo.

Asili ya ramani

Kwa miaka mingi programu kubwa zilipangwa kwa hatua zilizofuatana: mahitaji yote, kisha mchoro wote, kisha uandishi wote, kisha majaribio. Mwaka 1970 mhandisi wa Marekani, Winston Royce, aliueleza mpango wa namna hiyo na papo hapo akaonya kwamba una hatari, kwa kuwa majaribio huja mwishoni, wakati kosa limekwisha kuwa ghali.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kent Beck na wenzake walipendekeza kwamba kila hitaji liandikwe kwa sentensi fupi kwenye kadi, likieleza jambo ambalo mtumiaji anataka kulifanya, na kwamba kadi hiyo iwe mwanzo wa mazungumzo kati ya mtumiaji na fundi. Kadi zilirahisisha kazi, lakini zilipoongezeka zikawa tena orodha ndefu. Ndipo Jeff Patton, naye wa Marekani, alipoeleza katika makala ya mwaka 2005, na baadaye katika kitabu cha mwaka 2014, namna ya kuzipanga kadi hizo ukutani ili zisimulie kazi nzima tangu mwanzo hadi mwisho. Mpango huo ndio ramani ya masimulizi.

Jinsi ramani inavyochorwa

Ramani ina pande mbili. Kwa mlalo, kutoka kushoto kwenda kulia, huwekwa shughuli kuu kwa mfuatano wa kuzisimulia. Mstari huo wa juu huitwa uti wa mgongo. Kwa wima, chini ya kila shughuli, huwekwa kadi za mambo madogo yanayoikamilisha. Yasiyoweza kukosekana huwekwa juu, na yanayoweza kusubiri huwekwa chini.

Ramani ifuatayo ni ya mfano, iliyoandaliwa kwa ajili ya somo hili. Msingi wake ni kazi ya daftari la kaya kwa utaratibu wa kutumia karatasi.

Uti wa mgongo: KUANDAA ZIARA, KUFIKA KWENYE KAYA, KUTHIBITISHA WAKAZI, KUANDIKA MATUKIO, KUKAGUA, KUINGIZA KATIKA KOMPYUTA, KUTOA HESABU.

Chini ya KUANDAA ZIARA: kuchapisha orodha ya kaya za kijiji; kugawa kaya kwa wahojaji; kuonyesha wajawazito wa ziara iliyopita.

Chini ya KUFIKA KWENYE KAYA: kuitambua kaya kwa namba yake, kuandika kwamba hakuna mtu nyumbani, kuandikisha nyumba mpya.

Chini ya KUTHIBITISHA WAKAZI: kusoma jina la kila mkazi, kuandika aliyepo na asiyekuwepo.

Chini ya KUANDIKA MATUKIO: mimba, kizazi, kifo, kuhamia, kuhama, ndoa.

Chini ya KUKAGUA: msimamizi kurudia baadhi ya kaya, kurudisha fomu yenye kasoro.

Chini ya KUINGIZA KATIKA KOMPYUTA: kuandika matukio, kukataa tukio lisilowezekana, kama vile marehemu kuhama.

Chini ya KUTOA HESABU: idadi ya watu, vizazi, vifo kwa umri.

Ramani ikiisha kupangwa, watu husimama mbele yake na mmoja huisimulia kwa sauti kama kisa: “Asubuhi mhojaji anapokea daftari. Anafika kwenye nyumba ya kwanza. Anabisha hodi…” Hapo ndipo faida ya kwanza hujitokeza, kwa kuwa masimulizi hayawezi kuruka pengo bila msikilizaji kuuliza.

Mathalani, msikilizaji aliyekulia bondeni atauliza: “Na kama mlango umefungwa?” Wakati wa kilimo kaya nyingi za bonde la Kilombero huhamia kwa wiki au miezi kwenye mashamba ya mpunga yaliyo mbali, zikaishi katika vibanda. Mtu aliyekwenda shambani hakuhama. Atarudi baada ya mavuno. Programu yenye majibu mawili tu, yupo au amehama, itamlazimisha mhojaji aandike uongo. Kwa hiyo panahitajika kadi ya tatu, na panahitajika kanuni ya kueleza mtu akikosekana kwa muda gani ahesabiwe kuwa amehama.

Swali la pili ni zito zaidi: “Mtoto akizaliwa baada ya ziara moja na akafa kabla ya ziara inayofuata, nani atamtaja?” Jina lake halimo katika orodha iliyochapishwa. Mhojaji akisoma majina ya wakazi, hakuna jina litakaloachwa bila kuitikiwa. Wazazi wenye msiba huenda wasilitaje jambo hilo wenyewe. Mtoto huyo ataingia na kutoka duniani bila kuonekana katika hesabu, na vifo vya wachanga vitaonekana vichache kuliko vilivyo. Kinga yake ni kadi ya mimba. Mimba ikiandikwa katika ziara ya Januari, ziara ya Mei hapana budi iulize ilikwishaje. Katika orodha ya mahitaji, mimba yaweza kuonekana kuwa nyongeza tu; katika ramani inaonekana kuwa kiungo kati ya ziara mbili.

Kukata matoleo kwa mlalo

Faida ya pili ya ramani ni katika kugawa matoleo. Kishawishi cha kawaida ni kukata kwa wima, yaani kukamilisha safu moja kikamilifu kabla ya kugusa nyingine: kwanza uandikishaji wote, kisha vizazi na vifo vyote pamoja na kila udhibiti wake, na uhamaji usubiri mwaka ujao. Ramani hufundisha kinyume chake. Huvutwa mstari wa mlalo unaopita katika safu zote, ukichukua kutoka kila safu kile tu kisichoweza kukosekana. Mkato huo wa kwanza ni mwembamba, lakini ni mzima. Wataalamu huufananisha na kiunzi cha mifupa kinachotembea: hakina nyama, lakini kinafika kiendako.

Hesabu ifuatayo inaonyesha kwa nini jambo hili si la urahisi wa kazi tu. Chukua watoto 1,000 wanaolala katika vyandarua vyenye dawa, na wengine 1,000 wasiolala humo. Namba hizi ni za kubuni. Ili kurahisisha, watoto waliozaliwa au kuhamia katikati ya mwaka wameachwa, na muda wa waliokufa haukupunguzwa.

Katika kundi la kwanza hakuna aliyehama. Watoto 1,000 wameishi mwaka mmoja kila mmoja, jumla miaka 1,000 ya watoto. Wamekufa 20. Kiwango cha vifo ni 20 kwa kila miaka 1,000 ya watoto.

Katika kundi la pili, watoto 400 walihama katikati ya mwaka pamoja na wazazi wao. Waliobaki 600 wameishi miaka 600. Waliohama wameishi eneo hilo nusu mwaka kila mmoja, yaani miaka 200. Jumla ni miaka 800 ya watoto. Wamekufa 20. Kiwango cha vifo ni 20 × 1,000 ÷ 800, yaani 25 kwa kila miaka 1,000 ya watoto.

Kwa hiyo katika mfano huu watoto wa vyandarua wana vifo vichache kwa moja ya tano. Sasa ondoa kadi moja tu: programu haina mahali pa kuandika kuhama. Wale 400 watabaki katika daftari kana kwamba wapo, na kundi la pili litaonekana kuwa na miaka 1,000. Kiwango chake kitakuwa 20 kwa 1,000, sawasawa na kundi la kwanza. Daftari litasema kwamba vyandarua havina faida. Kila kizazi kimeandikwa sawasawa, kila kifo kimeandikwa sawasawa, lakini jibu ni la uongo. Na waziri wa afya atakayelisoma anaweza kuachana na vyandarua.

Hivyo ndivyo toleo lililokatwa kwa wima linavyoweza kudhuru kuliko kutokuwa na toleo lolote. Toleo jembamba lenye safu zote laweza kuwa na fomu mbaya na kasi ndogo, lakini jibu lake laweza kuaminiwa.

Kiini kwanza, nyongeza baadaye

Haya yote hayamaanishi kwamba Ifakara walitumia ramani ya masimulizi mwaka 1996. Njia hiyo kwa jina lake ni ya baadaye. Hata hivyo programu waliyoitumia ilijengwa kwa fikra iliyo karibu nayo. Programu hiyo, iliyojulikana kwa kifupi HRS, ilitokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Navrongo, kaskazini mwa Ghana, wakisaidiana na wataalamu wa Population Council ya New York. Waundaji wake waliona kwamba madaftari ya kaya ya nchi mbalimbali yanatofautiana kwa mengi, lakini yote yana kiini kimoja: kaya, wakazi wake, uhusiano wao, na matukio ya kuzaliwa, kufa, kuhamia na kuhama. Wakaunda kiini hicho kwanza, pamoja na kanuni zake za kukataa yasiyowezekana, kisha kila kituo kikaongeza mambo yake. Kwa lugha ya ramani, kiini ni mkato wa kwanza, na nyongeza ni mikato inayofuata.

Kwa mfano wa ramani yetu, mkato wa pili ungeweza kuwa na ndoa na udhibiti mkali zaidi wa tarehe. Mkato wa tatu ungechukua mahojiano na wafiwa kuhusu dalili za marehemu, ambayo husaidia kukadiria sababu ya kifo pale ambapo daktari hakuwepo. Kila mkato ungepita tena katika safu zinazohusika, kuanzia maandalizi ya ziara hadi hesabu.

Ramani pia hubadilika vifaa vinapobadilika. Katika miaka ya 2010 vituo kadhaa vya Afrika, Ifakara ikiwa mojawapo, vilihamia kwenye programu ya OpenHDS, ambayo humwezesha mhojaji kuandika matukio kwenye kishikwambi akiwa mlangoni pa kaya. Safu ya kuingiza katika kompyuta ikameza ile ya kuandika matukio, na kosa la tarehe likaweza kugunduliwa wakati mwenye kaya angali amekaa mbele ya mhojaji, badala ya wiki kadhaa baadaye ofisini. Lakini zikazaliwa kadi mpya: betri ikiisha nini kifanyike, na mahali pasipo mtandao matukio yahifadhiwe wapi. Uti wa mgongo ulibadilika kidogo tu, kwa sababu kisa chenyewe cha kaya hakikubadilika.

Mipaka ya njia hii

Yafaa ikumbukwe kwamba ramani hainunui ujuzi usiokuwepo. Ikichorwa na mafundi peke yao, itasimulia kazi kama mafundi wanavyoidhani. Swali la mlango uliofungwa laweza kuulizwa na mhojaji au mkulima kabla ya profesa. Kwa hiyo wenye kazi hapana budi wawepo mbele ya ukuta, na wapewe nafasi ya kumkatiza msimuliaji.

Kadhalika ramani haichukui mahali pa kanuni kamili. Kadi inayosema “kuandika aliyehama” haielezi nani ni mkazi. Maana hiyo ni lazima iandikwe kwa usahihi mahali pengine, kwa kuwa wahojaji wawili wenye maana mbili watatoa hesabu mbili. Wala ramani haionyeshi kazi itachukua siku ngapi. Inachoonyesha ni kitu gani hakiwezi kuachwa.

Zoezi la darasani

Zoezi hili halihitaji kompyuta. Vinahitajika vikaratasi, kalamu na ukuta. Wanafunzi wagawanywe katika vikundi vya watu watano au sita, na kila kikundi kichague kazi moja inayofahamika: kuazima vitabu katika maktaba ya shule, kupokea wagonjwa katika zahanati, au kupima mpunga kwenye ghala la ushirika.

1. Mtu mmoja anayeifanya kazi hiyo kila siku ahojiwe, naye asimulie siku yake tangu asubuhi hadi jioni.

2. Shughuli kuu ziandikwe kwenye vikaratasi na kupangwa kwa mlalo. Mambo madogo yapangwe chini yake.

3. Mwanafunzi mmoja aisimulie ramani kwa sauti. Wengine wamkatize kila wanapoona pengo. Vikaratasi vya mapengo viandikwe kwa rangi nyingine, ili mwishoni vihesabiwe.

4. Uvutwe mstari wa toleo la kwanza. Kwa kila karatasi iliyo juu ya mstari, kikundi kijibu: ikiondolewa, kazi itafika mwisho? Na kama itafika, jibu litakuwa la kweli?

5. Wanafunzi wa hisabati warudie hesabu ya watoto 2,000 iliyoelezwa hapo juu, safari hii wakichukulia kwamba 200 tu wamehama kutoka kundi la pili, na kwamba wamehama mwishoni mwa mwezi wa tatu. Vifo vibaki 20. Watafute kiwango cha kweli cha vifo, na kile ambacho daftari lisilo na kadi ya kuhama lingekitoa.